Kutengeneza ramani yako mwenyewe kwenye intaneti: uMap inavyofanya kazi, na mambo ya kuangalia kabla ya kuituma

Katika vituo vingi vya afya vya Congo, ukiingia ofisi ya muuguzi mkubwa utaona ukutani ramani ya eneo la afya iliyochorwa kwa mkono. Ni karatasi kubwa, mto umepigwa rangi ya bluu, kituo chenyewe kina msalaba mwekundu, na kila kijiji kina duara ndogo na hesabu ya kilometa pembeni. Ramani hiyo si nzuri kwa macho, lakini inasema kile kinachotakiwa: kijiji gani kiko ngambo ya mto, fasi gani mota haipiti wakati wa mvua, reko anakaa wapi. Shida yake ni kwamba iko moja tu. Mvua ikipenya bati, panya akiikuta, ao muuguzi akihamishwa na mrithi wake akaitoa ukutani, kazi yote inaanza upya.

Ramani ya telefone ina shida ya upande mwingine. Kila mtu anayo, hailowi, lakini imechorwa kwa mahitaji ya watu wengine. Inaonyesha hoteli, benki na duka, na inanyamaza juu ya kisima chenye pampu iliyokufa. Kati ya hizo mbili kuna vyombo vya intaneti vinavyomruhusu mtu achukue ramani iliyo tayari, aweke alama zake juu, achague rangi na maneno, kisha aitume kwa wengine kwa njia ya linki. Katika inchi zinazotumia Kifaransa, kimoja kinachojulikana kati ya vyombo vya bure ni uMap.

uMap ni nini

uMap iliandikwa na mtengenezaji programu Mfaransa, Yohan Boniface, na inawekwa kwenye mashine za chama OpenStreetMap France. Hakuna kitu cha kuinstale. Unafungua navigatere ya kawaida, unaandika anwani umap.openstreetmap.fr, na unabonyeza «Créer une carte». Hakuna malipo, na hakuna anayekuomba kadi ya benki. Hilo si jambo dogo kwa mkaaji wa Kamina, kwa sababu vyombo vingine vya kurembesha ramani, hata vile vinavyofungua mlango bure, vinataka kadi kabla ya kukuacha uingie.

Ramani ya chini ambayo uMap inaonyesha inatoka OpenStreetMap, mradi ulioanzishwa Uingereza mwaka 2004 na Steve Coast. Huo ni ramani ya dunia inayoandikwa na watu wenyewe: mtu yeyote mwenye konti anaweza kuongeza barabara, shule ao jina la kijiji, na mwingine anaweza kusahihisha.

Hapo watu wengi wanachanganya, na inafaa kusimama kidogo. OpenStreetMap ni kama ukuta wa wote. uMap ni karatasi ya plastiki inayopitisha mwanga, ambayo wewe unaibandika juu ya ukuta ule na kuchora juu yake. Ukitoa karatasi yako, ukuta unabaki ulivyokuwa. Kwa hiyo kijiji ulichokiweka kwenye uMap hakijaingia katika ramani ya dunia. Wanaokiona ni wale tu wenye linki yako. Mtu anayetaka kijiji chake kionekane kwa kila dereva na kila shirika, lazima akiandike katika OpenStreetMap yenyewe. Na mtu anayetaka kuonyesha visima vilivyoharibika mwezi huu, hiyo ni kazi ya uMap, maana mwezi kesho hali itakuwa nyingine.

Majina yalivyofika kwenye ramani ya Katanga

Kwa muda mrefu, sehemu kubwa za Katanga zilikuwa nyeupe kwenye ramani ya OpenStreetMap. Mwaka 2014, Médecins Sans Frontières, Misalaba Mwekundu ya Marekani na ya Uingereza, pamoja na shirika la HOT lililozaliwa kutokana na tetemeko la ardhi la Haiti la 2010, walianzisha mradi wa Missing Maps, yaani ramani zinazokosekana. Lubumbashi ilikuwa kati ya miji ya kwanza ya mradi huo. Watu wa kujitolea waliokuwa mbali walichora nyumba na njia wakiangalia picha za satelite, kisha watu wa Lubumbashi wenyewe walitembea kwa miguu kuandika majina ya kartye na avenyu.

Sehemu hiyo ya pili ndiyo inayochukua jasho. Satelite inaona paa la bati, haijui kama chini yake kuna kanisa ao kituo cha afya, wala haijui kwamba kijiji kina jina moja kwenye karatasi za teritware na jina lingine, la shefu wa zamani, midomoni mwa watu. Katika vijiji vingi hali ni hiyo, na timu inayotafuta kijiji kwa jina moja inaweza kukipita ikiwa ndani yake.

Katika Haut-Lomami jambo hili lina uzito wa pekee. Jimbo lina teritware 5, ni kusema Bukama, Kabongo, Kamina, Kaniama na Malemba-Nkulu, na maeneo makubwa ya afya, yale yanayoitwa zone de santé, ni 16. Mwaka 2017 polio inayotokana na virusi vya chanjo vilivyogeuka ilionekana hapa, na Februari 2018 serikali ilitangaza hali ya hatari ya afya. Virusi vya namna hiyo vinapata nafasi pale watoto wengi wanapokosa chanjo, na sababu moja ya mtoto kukosa chanjo ni kwamba kijiji chake hakimo katika orodha ya timu. Kambi za wavuvi kwenye maziwa ya Upemba na Kisale zinahama kufuatana na maji na samaki. Ramani iliyochapwa miaka mitano iliyopita haiwezi kujua kambi ilikohamia, lakini muuzaji wa samaki anajua.

Kubadilisha sura ya ramani

Ukisha kufungua ramani mpya, jambo la kwanza ni kuisogeza mpaka Kamina na kuchagua «fond de carte», yaani ramani ya chini. uMap haikupi ruhusa ya kupaka upya kila barabara na kila mto wa ramani ya chini. Inakupa orodha ya sura zilizo tayari. Ile ya HOT ilitengenezwa kwa kazi za misaada, nayo inatilia mkazo vitu kama fasi za maji, vituo vya afya na hali ya barabara. OpenTopoMap inaonyesha vilima na mabonde, na inasaidia kwa njia za vijijini. Ziko pia zenye rangi hafifu, karibu kijivu. Wanaoanza wanazidharau kwa sababu hazivutii, kumbe kwa kazi nyingi hizo ndizo nzuri: alama zako zinaonekana, na ramani ya chini inabaki nyuma.

Baadaye unaweka vitu vyako. Viko vya aina tatu: alama ya fasi moja (kisima, shule), mstari (njia, reli), na eneo lililofungwa (kartye, shamba). Kila kimoja kinapokea jina, maelezo, rangi, na ukitaka picha ndogo ndani ya alama. Mstari unaweza kuwa mnene ao mwembamba, mzima ao wa vipande-vipande. Eneo linaweza kupakwa rangi nzito ao nyepesi ili majina ya chini yaendelee kusomeka.

Nguvu ya uMap iko katika matabaka, ambayo kwenye ekra yanaitwa «calques». Chukua mfano wa ramani ya maji ya muji wa Kamina, pamoja na komini zake za Kamina, Dimayi na Sobongo. Tabaka moja linakuwa la visima vinavyofanya kazi, la pili ni la visima vilivyoharibika, la tatu la vyanzo vya maji visivyolindwa. Ukipaka rangi tabaka lote mara moja, kila kisima kilichomo kinachukua rangi hiyo. Huhitaji kubadilisha kimoja kimoja. Anayesoma anaweza kuzima tabaka na kuwasha lingine. Kama alama ni nyingi sana na zinapandana, tabaka linaweza kuwekwa katika hali ya kukusanya: badala ya alama arobaini unaona duara moja lenye namba 40, na ukisogea karibu inapasuka. Iko pia hali ya joto, ambapo penye alama nyingi panawaka zaidi. Hiyo inapendeza kwenye mikutano, lakini inadanganya kirahisi: penye watu wengi patawaka daima, hata kama tatizo liko kwingine.

Rangi zinataka akili kidogo. Kamina ni njia panda ya reli: upande wa kusini treni inakwenda Bukama na Lubumbashi, kaskazini-magharibi inakwenda Kananga na Ilebo, na kaskazini-mashariki inakwenda Kabalo na Kalemie, kwa njia iliyofunguliwa 1956. Mtu akichora mistari hiyo mitatu kwa nyekundu, kijani na bluu, kwenye ekra itakuwa safi. Akiipeleka kwenye fotokopi ya weusi na weupe, yote mitatu inatoka kijivu. Na wako wanaume wasiotofautisha nyekundu na kijani hata kidogo, bila kujua wenyewe. Dawa ni kuongeza tofauti isiyotegemea rangi: mstari mzima, mstari wa vipande, mstari mnene, duara kwa kisima kizima, na alama yenye msalaba kwa kile kilichokufa.

Kuweka maana katika rangi na umbo si jambo geni kwa inchi ya Waluba. Kabla ya karatasi, wazee wa chama cha Mbudye walitumia lukasa, ubao wa mti unaoshikwa mkononi, uliojaa ushanga na makome. Mtaalamu alipitisha kidole juu yake na kusoma majina ya wafalme, safari zao na fasi takatifu za ufalme. Ushanga mkubwa, ushanga mdogo unaouzunguka, rangi na mstari, kila kitu kilikuwa na kazi, na maelezo yalibadilika kufuatana na aliyekuwa akisikiliza. Lukasa moja inayojulikana iko leo Marekani, katika jumba la makumbusho la Brooklyn.

Kutoka daftari mpaka ramani

Kuweka alama mia moja kwa kidole kunachosha. Kama tayari kuna orodha katika Excel ao katika KoboToolbox, ambayo mashirika mengi yanatumia kuuliza maswali kwa telefone, inawezekana kuiingiza mara moja. Orodha inahifadhiwa kama faili la CSV, yenye safu ya jina (name), safu ya latitudo (lat) na safu ya longitudo (lon). uMap inasoma na kutandaza alama yenyewe. Inapokea pia GPX, ile njia ambayo programu za ramani za telefone zinarekodi unapotembea, pamoja na KML na GeoJSON.

Makosa yanayorudia hapa ni mawili, na yote yanachekesha mpaka siku yakukute mbele ya wakubwa. La kwanza ni alama ya kutoa. Kamina iko kusini ya ikweta, karibu na latitudo −8.74 na longitudo 25.00. Ukisahau kile kistari mbele ya 8.74, visima vyako vyote vinaruka ikweta na kuanguka upande wa Raga, Sudani Kusini. Ukigeuza safu, latitudo kwa longitudo, utavikuta katika jangwa la Sahara, huko Mauritania. La pili ni koma. Kompyuta iliyopangwa kwa Kifaransa inaandika 8,74 pale uMap inapongojea 8.74, na katika CSV koma ndiyo inayotenganisha safu. Matokeo ni orodha iliyovurugika ao ramani tupu. Kabla ya kuingiza, badilisha koma za namba ziwe nukta, kisha jaribu kwanza na mistari mitatu tu.

Mega hazilii sana kwa kuandika alama. Zinaliwa na picha za ramani ya chini kila unaposogea ao kubadilisha sura. Kwa hiyo anayenunua mega kwa siku atapanga orodha yake yote bila intaneti, ataingia, ataingiza, atapaka rangi, atabonyeza «Enregistrer» na kutoka. Kubonyeza kuhifadhi mara kwa mara ni lazima pale umeme unapotegemea jenereta. Kwenye njia, ambapo mtandao haupo, uMap haisaidii. Huko ni kazi ya programu kama OsmAnd ao Organic Maps, zinazobeba ramani ndani ya telefone.

Google nayo ina chombo chake, My Maps, kinachofanya karibu kazi ileile. Kinataka konti ya Google, kina kikomo cha matabaka 10 kwa ramani, na ramani ya chini ni ya Google. Kwa anayetaka kuonyesha njia ya harusi kinatosha kabisa. Kwa vijiji, tofauti inakuja hapa: kijiji kikikosekana kwenye ramani ya OpenStreetMap, unaweza kukiongeza wewe mwenyewe leo.

Nani anaona, nani anaweza kufuta

Hapa ndipo watu wanachomeka. uMap inaruhusu kutengeneza ramani bila konti. Ukifanya hivyo, inakupa linki mbili zinazofanana kwa macho: moja ni ya kutazama, nyingine ni ya siri, ya kubadilisha. Anayepata ile ya siri anaweza kusogeza alama ao kufuta ramani nzima, bila kuulizwa jina. Na wewe ukiipoteza, ramani inabaki inaonekana lakini huwezi tena kuigusa. Mtu akikosea na kutuma linki ya siri katika grupe ya WhatsApp yenye watu mia mbili, ndiyo basi. Heri kufungua kwanza konti ya OpenStreetMap, ambayo ni bure, na kuingia nayo. Hapo unaweza kuamua nani anabadilisha (wewe peke yako, wenzako uliowataja, ao kila mtu) na nani anatazama: wote, wenye linki tu, ao wanaofanya kazi pamoja nawe.

Swali la nani anatazama si la ufundi tu. Wakati wa kipindupindu cha London cha 1854, daktari John Snow aliweka alama kwa kila aliyekufa, nyumba kwa nyumba, na alama zikazunguka bomba moja la maji la Broad Street. Ramani ile inasifiwa mpaka leo. Lakini fikiria ramani kama hiyo katika kartye ndogo, kwenye linki ambayo kila mwenye telefone anaifungua: kila alama ni nyumba ya mama fulani, na jirani wanajua ni nani. Kipindupindu ni ugonjwa wa kawaida kando ya Lualaba na maziwa ya Upemba, na familia iliyoonyeshwa kwa kidole safari moja itamficha mgonjwa safari ijayo. Ndiyo maana wagonjwa wanahesabiwa kwa kartye ao kwa eneo la afya: duara moja katikati, na namba ndani. Ndivyo ilivyo pia kwa wanawake waliotendewa ukatili, kwa mashahidi, na kwa nyumba za watu waliokimbia mapigano. Hata jina la telefone la aliyekusanya habari halina kazi katika maelezo ya alama. Sheria nayo ipo: kanuni ya dijitali ya Congo, iliyotiwa sahihi Machi 2023, inalinda habari za mtu binafsi, na habari za afya ni kati ya zile nyeti.

Kuna pia fasi ambazo hazipashwi kuwekwa hata kidogo. Kamina ina base kubwa ya kijeshi, iliyojengwa na Wabelgiji baada ya vita vya pili vya dunia. Kijana anayezunguka upande huo akiwa na telefone mkononi, akirekodi njia na kupiga picha, atapata kazi kubwa ya kueleza kwamba alikuwa anatafuta visima. Kabla ya kutembea kartye kwa kartye, wakusanyaji wanapita kwanza kwa shefu wa kartye, wanaonyesha karatasi ya kazi, na wanasema ramani ni ya nini. Shefu huyo mara nyingi ndiye anayejua mpaka wa kweli wa kartye yake, ule ambao hakuna satelite inayouona. Lakini mipaka yenyewe ni jambo la moto. Mstari uliochorwa kati ya vijiji viwili vinavyogombania shamba unaweza kuchukuliwa kama hukumu, hata kama aliyechora alitaka tu kupamba. Katika hali hiyo weka alama ya kila kijiji, acha eneo bila kulifunga.

Kuchapa na kuhifadhi

uMap haitengenezi karatasi nzuri ya kuchapa. Wengi wanapiga picha ya ekra na kuipeleka kwa mchapaji. Ukifanya hivyo, sogea karibu kwanza ili majina yawe makubwa, na usikate maandishi madogo ya chini yanayotaja wachangiaji wa OpenStreetMap: leseni ya ramani inataka yaonekane, kwenye karatasi pia. Andika tarehe kwa kalamu kubwa, kwa kuwa visima vinabadilika na karatasi haibadiliki.

Mwisho wa kila kazi, ingia katika sehemu ya kushiriki na kuteremsha, na uchukue nakala kamili ya ramani. Ni faili moja dogo, linaingia katika ufunguo wa USB ao katika barua ya email unayojitumia mwenyewe. Siku ramani ikifutwa, kwa bahati mbaya ao kwa chuki, faili hilo linaingizwa katika ramani mpya, na alama zote zinarudi na rangi zake.